Chuma Kilichokataa Kupata Joto

Saa tatu na robo asubuhi, Mama Nyundo alitoa kipande cha kwanza kwenye beseni la spiriti, nyuzi arobaini chini ya sifuri. Kazi yake kiwandani ilikuwa kuvunja vyuma ili kuvipima. Kipande kikitoka kwenye baridi, ndani ya sekunde tano kigongwe na nyundo ya kubembea, mshale uonyeshe kimevumilia kiasi gani. Vyuma hivi vilikuwa vya daraja la nchi ya theluji, na aliyekuwa anakwenda kulifunga bolti ni mdogo wake, kitindamimba wa mama yao.

“Haraka ya nini, mama?” meneja akamwambia. “Kiweke mezani kwanza, kipumue.”

Kila mtu pale alijua maana yake. Chuma kibovu kikipata joto hujifanya shujaa. Shehena tatu zilifaulu hivyo mwaka ule, na Mama Nyundo alinyamaza asimwage unga wake. Leo roho ilimuuma kwelikweli, lakini akakiweka.

Dakika ikapita, kisha robo saa. Kipande kikaendelea kutoa ukungu, kipimajoto kikisoma arobaini ileile. Meneja akakitumbukiza kwenye chai yake, chai ikaganda. Akakibana kwapani, akakitoa upesi, akaomba koti. Mfagiaji akapangusa theluji iliyoanguka chini ya meza, akinung’unika kwamba ametoka kudeki sasa hivi.

“Bosi, hakijapumua tu?” Mama Nyundo akauliza.

Akakigonga. Kikakatika kama biskuti. Mshale ukasimama kwenye sita. Ilitakiwa angalau ishirini na saba. Cha pili, sita. Cha tatu, nne. Mkaguzi wa mteja, ambaye huja kusoma namba tu, akasoma namba. Weee! Karakana nzima ikapiga vigelegele. Muhuri wa kukataa shehena aliupiga Mama Nyundo mwenyewe, meza ikatikisika.

Miezi minne baadaye mdogo wake akapiga simu kutoka juu ya daraja, lililojengwa kwa chuma kingine. “Dada, huku masikio yanataka kudondoka, lakini daraja limetulia tuli!”

Mama Nyundo alicheka mpaka machozi yakamtoka, akawapitishia wenzake simu wamsikie. Vipande vya shehena mpya vilikuwa mezani kwa amri ya meneja, vyeupe kwa barafu. Meneja mwenyewe, aliyepandishwa cheo kwa umakini wake, alikuwa amechuchumaa pembeni akifungua boksi la hita ya pili.