Msumeno Uliotulia

Siku Kaka alipotoka asirudi, chai yake ya asubuhi ilibaki mezani mpaka ikaota utando. Msumeno wa mviringo ulimkata mkono kule karakana ya useremala, damu ikamwishia njiani.

Dada yake alikuwa mpiga vanishi palepale. Aliporudi kazini baada ya wiki mbili, alikuta mambo mawili yaliyomtia kinyaa. Chini ya mashine, pumba za mbao zilikuwa bado zimegandamana kwa damu, nyeusi, inzi wamezizonga. Na mlangoni, juu ya misumari ya kutundikia aproni, msimamizi alikuwa amebandika karatasi: "Alishika msumeno unaozunguka. Uzembe unaua."

Msimamizi waliyemwita Kijiti, kwa kuwa hakosi kibanzi cha mbao mdomoni, alimpa pole huku akichokonoa meno. Nduguyo alikuwa na macho ya tai, alisema, mbona hakuona? Kisha akatema mate juu ya pumba zilezile.

Dada mtu akarudi kwenye vanishi yake. Ila siku moja, akikung'uta brashi chini ya taa ndefu iliyoning'inia juu ya msumeno, aliona brashi sita zilizoachana kama vidole. Akaikung'uta dirishani, akaona ukungu mmoja tu. Kumbe taa ile ilikuwa ikiwaka na kuzimika upesi mno, jicho lisitambue. Akautazama msumeno, ambao fundi mpya alikuwa ameuacha bila kuuzima akaenda kufuata ubao. Ulikuwa unazunguka, lakini meno yake yalionekana yametulia tuli, unaweza kuyahesabu: kila taa ilipowaka, jino jingine lilikuwa limeshakalia nafasi ya mwenzake. Na kwa kelele za mashine za randa, na pamba masikioni, nani angesikia?

Akamwita Kijiti, akamwuliza kwa sauti ya juu, "Bosi, huu umewashwa au umezimwa?"

"Umezimwa, dada yangu. Na wewe macho yamekwenda?"

Dada mtu akaunyooshea rula. Ncha ya rula ikaruka hadi ukutani, mafundi wakageuka.

Jasho la mafuta lilimtoka Kijiti. Akalifuta kwa vidole vilevile vya kuchokonolea meno, akamshika bega, akamsogelea sikioni na pumzi yake iliyovunda. "Hili libaki kati yetu."

Dada mtu akajitoa mkononi mwake. Akaitoa ile karatasi mlangoni, akampa pamoja na kalamu.

"Andika upya. Andika kwamba taa ilimdanganya macho."

Kijiti akaandika, mafundi wote wakitazama. Pumba dada mtu alizizoa mwenyewe. Hakutaka mkono wa Kijiti uziguse.

Sasa taa ile haiwashwi. Msumeno umehamishiwa dirishani, na mawingu yakitanda unazimwa.