Sapatu za Waya Mfupi

Siku aliyokuja Bwana Tsukuda, theluji ya alfajiri ilikuwa imeshageuka tope kwenye barabara zote za Akihabara, Tokyo. Chigusa alikuwa ameshatoka mlangoni mara tatu kumchungulia.

Duka lenyewe lilikuwa jembamba kama ujia. Kazi ya Chigusa kwa miaka minne ilikuwa kusimama nyuma ya meza ya mbele, kuchomeka vitu kwenye kompyuta na kuwaacha watu washangae. Kulikuwa na feni ndogo ya kubana kwenye mkono wa shati, iliyopuliza kwapa la mtu aliyevaa koti ofisini. Friji ya kopo moja tu la kahawa. Nguruwe wa kiganjani aliyekula vumbi la kifutio. Na kulikuwa na mwanasesere mwenye kipara aliyetikisa kichwa kila mtu anapoongea, kana kwamba anasema, ehee, naam, kweli kabisa. Vyote vilikula umeme wa tundu la USB, umeme mdogo usioweza kuchemsha hata kikombe cha chai.

Vyote vilikuwa vimetoka kwa Mama Inaba, ghorofani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Chigusa hakuwahi kuona mtu mwingine anayeweza kukaa wiki nzima akiwaza makwapa ya watu asiowajua.

Ila wateja walikuwa wakicheka, wakipiga picha, wakienda zao. Jumatatu ile mwenye duka, Bwana Kuwabara, alikuwa amesema wazi. Tsukuda ananunua bidhaa za maduka sitini ya vifaa vya ofisi. Akichukua kitu kimoja, tunaendelea. Akikataa, chumba cha juu kinarudishwa kwa mwenye jengo mwisho wa mwezi, chini tunauza makava ya simu.

"Na Mama Inaba?" Chigusa aliuliza.

"Makava ya simu hayahitaji fundi," alisema Kuwabara, akageuka kupanga rafu iliyokuwa imeshapangwa.

Tsukuda alifika saa nne kamili, mrefu, mwembamba, mkoba umebanwa kwapani. Alivua viatu chini ya ngazi kama kila mtu, akapanda kwenye mikeka. Chigusa, aliyekuja nyuma na chai, aliona soksi zake zimelowa hadi kwenye vifundo. Zilikuwa zikiacha alama.

Wakaketi sakafuni kuizunguka meza fupi yenye kompyuta. Chumba kile hakikuwa na hita. Mama Inaba alisema hita humfanya fundi awe mvivu. Kuwabara akaanza kuonyesha vitu, jasho likimtoka kwenye baridi ile. Tsukuda akatikisa kichwa kwa adabu. Mwanasesere mwenye kipara naye akatikisa. Wakawa wanatikisiana.

Chigusa hakuwa anaangalia vitu. Alikuwa anaangalia mkoba. Haujafunguliwa. Mtu aliyekuja kununua huweka karatasi zake mezani kabla ya chai kupoa. Huyu alikuwa amekuja na jibu lake tayari, anangoja tu muda wa heshima upite.

Halafu akaona kitu kingine. Chini ya meza, Tsukuda alikuwa amepandisha mguu mmoja juu ya mwingine, anausugua polepole, uso umetulia kama hakuna kinachoendelea.

Pembeni ya Mama Inaba kulikuwa na sapatu za manyoya ya kijivu ambazo Kuwabara hakuziweka kwenye orodha. Alisema si kichekesho, nani atapiga picha sapatu? Chigusa akazichukua. Akapiga magoti nyuma ya mgeni, akachomeka waya kwenye kompyuta, akazisukuma chini ya meza hadi zikagusa vidole vyake.

"Samahani, Bwana Tsukuda. Mikeka yetu ni ya baridi."

Tsukuda hakumtazama. Masikio yalimwiva kidogo kwa aibu ya zile soksi, lakini miguu iliingia.

Baada ya dakika kumi akasema, "Ni vitu vya kuvutia sana. Tutakwenda kuvifikiria kwa makini."

Hakuna mtu Tokyo asiyejua maana ya maneno hayo: hapana. Kuwabara akainama hadi paji la uso likakaribia meza. Mama Inaba akavua miwani ya kichwani, akaifuta, akairudisha palepale.

Mgeni angesimama sasa. Hakusimama. Aliangalia dirishani, akaangalia kikombe chake.

"Na kile pale," akauliza, "kinafanya nini?"

"Kile? Kile ni mfuko wa kupashia chakula cha mchana," alisema Kuwabara.

"Kinapasha kweli?"

"Ukikichomeka saa tano, saa saba wali wako unatoa mvuke," alisema Mama Inaba. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Ukikichomeka saa sita na nusu, utakula baridi, na usinilaumu."

Tsukuda akacheka kwa pua. Akauliza kuhusu kingine, na kingine. Chigusa akashuka mbio hadi kwenye mashine ya kuuzia vyakula ya barabarani, akaleta makopo ya mchuzi moto wa figili na mayai, wakala wote wanne humohumo. Mgeni akasimulia ofisi yao, jinsi joto linavyopunguzwa kila Januari, jinsi wanawake wa uhasibu wanavyofunga blanketi kiunoni. Saa sita ikapita. Akamuuliza Mama Inaba kwa nini nguruwe anakula vumbi kwa mdomo na si kwa pua.

"Pua yake ingeziba. Wewe unakula kwa pua?"

Hatimaye akatazama saa, akashtuka, akasimama kwa haraka ya mtu aliyechelewa. Waya ukakaza. Kompyuta ikateleza mezani, mwanasesere akaanguka kifudifudi, na Kuwabara akaidaka kompyuta kwa kifua. Tsukuda akainamisha macho, akaona ule waya unaotoka kwenye miguu yake.

"Kumbe nilikuwa nimefungwa?"

"Tusamehe sana!" Kuwabara alipaza sauti. "Chigusa, binti wewe! Tusamehe!"

Mgeni alikuwa anachezesha vidole ndani ya manyoya. Soksi zilikuwa kavu.

"Joto linaanzia vidoleni," alisema. "Si kisiginoni."

"Ndiko baridi inakoanzia," alisema Mama Inaba. "Jozi kumi na moja nimeunguza kabla ya kujua pa kupitisha uzi wa moto. Umeme wenyewe ni tone. Tone ukilimwaga mguu mzima, hakuna anayelisikia."

"Ungeurefusha waya kidogo. Mtu aweze kufika hata kwenye kabati."

"Hapana."

"Mama Inaba!" Kuwabara alikuwa amepauka.

"Waya mrefu unakula lile tone njiani. Unataka mtu atembee, muuzie viatu. Hizi ni za aliyekaa."

Tsukuda alibaki amesimama mguu mmoja mbele, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Kisha akaketi tena. Akavuta mkoba, akaufungua, akatoa karatasi, akazinyoosha mezani.

"Nilitumwa kuja kukataa," alisema bila kuinua kichwa. "Jozi elfu mbili. Waya usiguswe. Mwezi wa kumi ziwe madukani, kabla ya baridi."

Kuwabara akainama, akainama tena.

Mama Inaba alikuwa anaitazama mikono yake. "Elfu mbili," alisema, "ni miguu elfu nne. Mimi nina mikono miwili."

Kesho yake asubuhi Kuwabara mwenyewe alisimama kwenye meza ya mbele, akimweleza mteja habari za kwapa kwa sauti ya aibu. Juu, Chigusa aliketi na soli ya kitambaa mapajani, akapitisha uzi wa moto chini ya vidole, raundi tatu, kama alivyokuwa ameona ikifanywa kwa miaka minne. Akamkabidhi Mama Inaba.

Mama Inaba alishusha miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akaangalia muda mrefu.

"Raundi ya pili imesogea. Fumua."

Chigusa akafumua.