Gololi Kumi na Nane

Valdelice hakuwa mtu wa kubishiwa kuhusu panya. Miaka kumi na mmoja amewalea wale weupe katika maabara ya chuo, mjini Uberaba, Brazili, akiwajua wazima na wale wa ukoo wa kifafa, ambao ukipiga kengele kali tu, chali! Lakini jaribio hili lilimfumba macho. Masanduku yalibandikwa nambari tupu, na orodha ya nani mgonjwa nani mzima ikafungiwa ndani ya bahasha, ili anayehesabu asipendelee. Kazi yake ilikuwa kupanga gololi ishirini juu ya maranda, kumtia panya, kusubiri nusu saa, kisha kuhesabu zilizofukiwa.

Wengine walifukia tatu, nne, wakajilalia. Wengine, Mungu wangu! Walifukia kumi na nane, wakazifukua, wakazifukia tena, mpaka pua zikachubuka.

"Watundu tu hawa," Valdelice alisema. "Wamedekezwa."

"Kama bintiyo," Otacílio, mwenzake wa kazi, alimtania huku mdomo umejaa mkate wa jibini.

"Koma wewe! Yule leo nimemkomesha."

Na kweli alikuwa amemkomesha. Iracema, bintiye wa miaka kumi na miwili, alikuwa na kifafa tangu utotoni. Dawa zilimfaa, miezi minne hakuanguka. Basi watu wanashukuru, yeye akaanzisha ya bomba: ananawa mikono, anahesabu, ananawa tena, mpaka ngozi inapasuka. Mama alisema, akafoka, wapi! Asubuhi hiyo alimchapa viganja kwa mwiko, akamkalisha kwenye kiti cha jikoni.

"Ikalie hiyo mikono mpaka nirudi! Kifafa nakijua, nakilea nyumbani na kazini. Huu ni ukaidi." Bibi yake mtoto, aliyebaki naye nyumbani, akaonywa asimwonee huruma.

Saa nne Profesa Anselmo alifungua bahasha.

"Nambari tatu?"

"Gololi kumi na nane," Valdelice alisoma.

"Kifafa. Nambari nne?"

"Tatu."

"Mzima. Nambari saba?"

"Kumi na tisa."

"Kifafa."

Wakaenda hivyo hadi mwisho. Hakuna wa kifafa aliyefukia chini ya kumi na tano. Otacílio aliacha kutafuna.

"Labda kengele imewavuruga," Valdelice alisema.

"Hawa hawajapigiwa kengele hata siku moja. Hawajawahi kuanguka. Yaelekea hata huku kufukia kumo ndani ya ugonjwa wenyewe," alisema Profesa.

Valdelice alizipitia tena nambari zake. Miaka yote hiyo, na hakujua kitu!

"Profesa, mtoto akinawa mikono mpaka inatoka damu..."

"Panya si mtoto, dada. Siwezi kukuambia. Daktari wake anasemaje?"

"Hajui. Sikumwambia. Nilidhani ni tabia mbaya."

Alitoka bila kuvua koti la kazi. Otacílio alimwita, hakugeuka.

Alimkuta Iracema pale pale kitini, mikono chini ya mapaja, jasho linamchuruzika, midomo inahesabu bila sauti. Bibi alikuwa kasimama mlangoni na sahani ya maharage iliyopoa.

"Kakataa kula," alisema bibi. "Eti umemwambia aikalie."

"Mama, sijanawa!" mtoto alidakia. "Hata mara moja. Ukaidi umeisha?"

Valdelice alipiga magoti. Aliivuta ile mikono, imekufa ganzi, alama za mwiko bado nyekundu. Machozi yakamtoka. Huruma aliyowapa panya miaka kumi na mmoja, mwanawe alimnyima!

"Hukuwa mkaidi," alisema. "Mkaidi ni mimi. Vaa viatu, twende kwa daktari. Nitamwambia yote, hata la mwiko."

Iracema alitazama bomba, kisha mama yake, kisha bomba.

"Naweza kunawa kwanza?"

"Nawa, mwanangu," alisema Valdelice, akaenda kumfungulia maji.