Mnara Usiotoa Moshi

Mimi ni mvivu. Nasema mapema msije mkadai nimewaficha. Ila mwizi si mimi, na siku moja ilinibidi nithibitishe uvivu wangu mbele ya mtu mwenye kalamu, la sivyo ningelala ndani.

Kampuni yetu ya simu iliahidi hadharani kwamba ndani ya miaka mitatu itapunguza nusu ya moshi wa minara yake. Wakafunga sola kila mahali, jenereta zikabaki za akiba, za kuwashwa jua likigoma. Mimi ni fundi wa mnara wa mlimani. Kila tarehe moja natakiwa nipande, nifungue kasha la jenereta, nipige picha ile mita inayohesabu saa ilizowaka, kisha niitume makao makuu. Saa zikiongezeka, moshi umeongezeka.

Jamani, mlima ule! Saa nzima na nusu ya kokoto tupu. Mwezi wa kwanza nikapanda, nikapiga picha nane, moja kwa kila mwezi mpaka wa nane. Mita ilisoma 6,118. Nikashuka, nikakaa zangu.

Sikuwaza kwamba kuna mtu anazisoma zile namba. Kumbe wanazisoma! Miezi minane jenereta haijawaka hata dakika, makao makuu wakapagawa. Nikapewa cheti, na picha yangu nimevaa kofia ngumu ikabandikwa mlangoni kwa maandishi makubwa: MNARA USIOTOA MOSHI. Mama yangu akaja kuiona, akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha akaja mkaguzi kutoka nje ya kampuni, mama mfupi mwenye raba nyeupe. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha ahadi imetimia kabla haijatangazwa. Akapewa orodha ya minara hamsini achague mmoja wa kutembelea. Akachagua wangu.

"Namba za huu zimenyooka mno," alisema.

Mita ikiwa imesogea hata saa kumi, nimekwisha: kazi sina, na nyumba nzima inanitegemea mimi.

Bosi wetu tunamwita Tai, kwa sababu ya tai yake nyekundu asiyoivua hata juani. Naye akaingilia kati.

"Mama, njia inateleza sana."

"Mvua imenyesha lini?"

"Halafu kuna nyuki."

"Wengi mno!" nikadakia.

Nikamtazama Tai kwa mapenzi. Kumbe bosi wangu ananijali hivi, na mimi nimekuwa nikimsema!

Raba nyeupe hazikusikia la mtu. Tukapanda watatu, Tai akihema. Juu kule nikatoa ufunguo. Nikafungua kasha, nikachungulia kwa jicho moja. 6,118!

"Haijasogea!" nikapiga kelele. Nusura nimkumbatie mkaguzi.

"Naona," mkaguzi akasema, akiinama. "Na jenereta yenyewe iko wapi?"

Nyuma ya mita palikuwa na boliti nne na doa la oili. Basi.

"Wizi!" Tai akaruka. "Funguo ziko mbili, yangu na ya huyu. Na anayepanda kila mwezi ni yeye, picha zake si mnazo? Aliona kasha tupu akanyamaza. Muulizeni kwa nini!"

Mnaona nilivyobanwa? Nikisema nilipanda, mimi ndiye mwizi. Nikisema sikupanda, mimi ni mwongo mwenye cheti. Nilitamani kumzaba Tai makofi. Hapo nikasikia kitu kutoka bondeni: mashine ya kusaga ya mke wa Tai, aliyoifungua mwezi wa tatu, ikifuka moshi mweusi. Inanguruma mara tatu, inakohoa, inanguruma tena. Kikohozi kile nimekitibu miaka minne. Na dizeli ya akiba ya mnara, anayeipokea kila mwezi ni nani? Tai huyo huyo.

"Sijapanda mlima huu tangu mwezi wa kwanza!" nikasema. "Picha zote nilipiga siku moja. Na jenereta ile pale chini, inasaga!"

"Anatapatapa tu," Tai akasema.

"Una shahidi?" mkaguzi akaniuliza.

Nikampigia mama yangu simu, nikaweka spika wote wasikie.

"Mama, tarehe moja ya mwezi uliopita nilikuwa wapi?"

"Kwenye kochi! Mwezi uliopita, na ule mwingine, na ule mwingine. Wewe upande mlima? Rimoti tu unaniita nitoke jikoni nije nikupe! Kwani vipi, wamekugundua?"

Sijawahi kusemwa vibaya nikafurahi namna ile. Mkaguzi alicheka mpaka akashika uzio. Kisha akashuka moja kwa moja hadi kwenye mashine, akafuta unga kwenye kibati cha jenereta, akasoma namba. Ikalingana na ya kwenye karatasi zake. Tai hakurudi ofisini tena.

Dizeli ilikuwa ya kampuni, kwa hiyo mkaguzi alifuta sifuri yangu na kuandika pale moshi wote wa mashine ya kusaga. Mnara wangu ukawa mchafu kuliko yote hamsini, na picha yangu ikabanduliwa mlangoni. Mimi hawakunifukuza. Walinifanyia ubaya zaidi: wameniongezea minara miwili, yote ya milimani, na kila picha ya mita lazima na uso wangu uonekane. Kesho ni tarehe moja.