Nati Zilizokazwa Mno

Yakobo alianza kumwonea Bilali wivu siku alipomsikia mkewe akicheka peke yake jikoni. Alipomuuliza kulikoni, Teodora alijibu kwamba amekumbuka tu neno alilolisema huyo fundi wa gari. Neno lenyewe hata halikuwa na maana, kitu kuhusu injini inayokohoa kama mzee wa tumbaku, lakini Yakobo alilala nalo na kuamka nalo.

Kwa miaka mingi Yakobo alikuwa dereva wa kiwanda cha kuchambua pamba. Land Rover aliyoiendesha, ile ndefu ya kijani yenye turubai nyuma, aliijua kwa mlio hata ikiwa bado mbali. Miaka ile mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa na kufungwa, naye akapunguzwa kazini, alikubali kupewa gari lile kuwa mafao yake. Haukupita muda, akaanguka kutoka juu ya marobota ya pamba aliyokuwa amekodiwa kubeba, na goti la kushoto likaharibika. Klachi ya Land Rover ni nzito, goti halikuiweza tena.

"Basi nifundishe mimi," Teodora alisema. Wakati huo alikuwa ameanza kununua dagaa ng'ambo ya ziwa, kule Kamanga, na kuwauzia wachuuzi wa mjini.

Yakobo alimfundisha kwenye uwanja wa mpira, akijivunia kila mkewe alipobadili gia bila kuikwaruza. Baada ya hapo akawa mtu wa kukaa barazani, akilisikiliza gari lake likiondoka bila yeye.

Ndipo oili ilipoanza kuvuja. Kila asubuhi palikuwa na doa jeusi mlangoni, na Teodora akawa analipeleka gari kwa Bilali, fundi mmoja kijana pale Mkuyuni. Akirudi, mazungumzo yalikuwa ni Bilali, Bilali.

"Ni sili ya krenki, ule mpira wa nyuma unaozuia oili," Yakobo alimwambia. "Oili inadondoka pale injini inapokutana na gia boksi. Mimi nimeliendesha gari hilo kabla huyo mtoto hajashika spana."

"Bilali anasema huenda inatoka juu, inateremka kwa nyuma tusikoona. Hataki kushusha gia boksi bure."

Kilichomuuma Yakobo zaidi ni kwamba maneno hayo yaliingia akilini. Jumapili, Teodora alipokwenda kanisani, Yakobo alichukua spana, akafungua boneti na kuzishika nati za kava la juu ya injini. Alitaka kuimaliza kazi mwenyewe ili mkewe asiwe na sababu tena ya kwenda kule. Akazikaza. Akamwaza Bilali na lile shati la kupigwa pasi ambalo mkewe hakuacha kulisifu, akazikaza tena, mpaka spana ikagoma kusogea.

Oili ikazidi. Doa likawa dimbwi, na safari za Mkuyuni zikaongezeka.

Basi siku moja Yakobo akachukua mkongojo wake, akamfuata mkewe. Alipoingia kwenye kiwanja cha Bilali, kitu cha kwanza alichokiona ni miguu minne imechomoza chini ya Land Rover, miwili ya mwanamume na miwili ya mkewe, na kutoka huko chini kikasikika kile kicheko cha jikoni.

"Tokeni humo!" alifoka. "Tokeni wote wawili!"

Mafundi wa jirani waligeuka. Teodora alitoka akiwa amevaa ovaroli, shavu lina oili, mkononi kashika kopo lake la poda.

"Baba Winnie," alisema taratibu, "umefika wakati mzuri. Njoo uone."

"Shikamoo, mzee," Bilali alisalimia, akijifuta mikono. Yakobo hakuitikia.

Walikuwa wameiosha injini yote kwa mafuta ya taa, wakaikausha, kisha wakaipaka poda mpaka ikawa nyeupe kama keki ya harusi. Teodora akapanda, akawasha gari. Yakobo akajikuta amesimama mbele ya boneti, bega kwa bega na Bilali, ambaye yeye alikuja kumpiga. Injini ikanguruma. Haukupita muda, kwenye kona ya nyuma ya kava la juu, mstari mweusi ukajitokeza kwenye ule weupe. Ukashuka polepole nyuma ya injini mpaka kwenye gia boksi, pale pale alipokuwa akisema ni sili.

Teodora akazima gari; Bilali akasubiri lipoe, akafungua nati.

"Gasketi inayoziba hapa ilikauka zamani," alisema. "Lakini kuna mtu amezikaza hizi kwa hasira. Ona, kava limepinda, gasketi imesagika."

Teodora alimtazama mumewe kwa muda, kisha akamgeukia fundi.

"Ni mimi," alisema.

"Dada Teo! Nguvu zote hizo?" Bilali alicheka, naye Teodora akacheka pamoja naye. Kusitiriwa mbele ya mtu yule kulimchoma Yakobo kuliko lile fumanizi alilolitarajia.

Alinyoosha mkono, akalichukua kava, akaketi juu ya tairi kuukuu na kuanza kuunyoosha ukingo wake kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha ubao. Bilali akamkatia gasketi mpya. Nati alizirudisha Yakobo mwenyewe, akizikaza kwa vidole vyepesi.

Njiani kurudi, Teodora ndiye aliyeanza kusema.

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani unampenda."

Teodora alisimamisha gari kando ya barabara.

"Nilipenda kuelezwa kitu nikakielewa. Wewe ulikuwa unanieleza kila kitu. Siku nilipoweza kuendesha, ukanyamaza."

Yakobo alitazama usukani, na mikono ya mkewe juu yake.

"Kila ukiondoka," alisema, "sijui ni wewe ninayekuonea wivu, au ni hilo gari, au ni huyo Bilali."

"Basi kesho twende wote."

Wakaenda. Kule Kamanga, kabla hata hawajashuka, watu walikuwa wanaita "Mama Winnie! Mama Winnie!" Mchuuzi mmoja mwenye mabega mapana akamtania Teodora na kumpakilia magunia, huku Yakobo akitambulishwa kuwa ndiye mwenye Mama Winnie. Ule wivu wa zamani ukawaka tena kifuani mwake. Akafungua boneti, akapenyeza kidole nyuma ya kava. Pakavu.

"Njoo uonje dagaa hawa," Teodora alimwita. "Uniambie kama nimepunjwa."

Yakobo akafunga boneti na kwenda.