Misheni Iliyogeuka Asubuhi

Dada Mkubwa alirudi kutoka hospitali ya macho akiwa na jicho moja jipya na moja la zamani. Alipofika sebuleni alisahau hata kuvua viatu. Picha ya misheni ilikuwa ukutani, kwenye fremu yake ile ile iliyoliwa na mchwa. Lakini haikuwa picha yao.

Picha yao ilikuwa ya jioni. Enzi za babu, mchoraji mgeni aliyepanga kwa mapadri alilichora jengo la misheni kwa rangi ya mafuta, kwa mtindo ule wa kupakapaka: ukisogea karibu unaona madoa tu, kama mtoto kamwaga uji, ukirudi nyuma, mnara unasimama na madirisha yanafunguka. Akamwachia babu, aliyekuwa akimbebea masanduku yake. Jengo lenyewe lilishabomoka, kwa hiyo misheni nzima ilibaki pale ukutani. Anga lake lilikuwa rangi ya chai, kuta zake manjano kama kitabu kizee.

Sasa anga lilikuwa buluu. Kuta nyeupe. Kivuli cha mnara kilikuwa zambarau bichi, kama kimepakwa jana.

"Nani kaingia humu?" aliuliza.

Mdogo wake, fundi baiskeli, alikuwa anachuja maji. Mtaa ulimwita Kesho, maana hiyo ndiyo siku aliyoahidi kila baiskeli ya mtu itakuwa tayari. "Nimeingia mimi, Dada. Si uliniachia nyumba?"

Dada Mkubwa alirudi kuitazama picha. Kabla hajaenda hospitali alikuwa amekuja mnunuzi wa vitu vya kale, mtu wa maneno laini, akaitazama picha mpaka chai yake ikapoa. Dada Mkubwa alimkatalia. Kesho ndiye aliyemsindikiza, na aliporudi alisema, "Mtu hali ukuta, Dada." Neno hilo sasa lilimrudia likiwa na meno. Bila shaka wamechora nyingine, wakaivika fremu ya zamani. Na mwigaji, mjinga, hakujua kwamba ni jioni.

Akaanza kupeleleza. Aliinusa picha. Aliichungulia kwa nyuma. Msumari ulikuwa umepinda. Umepinda tangu lini? Hakukumbuka, na kule kutokumbuka kukawa ushahidi. Kesho akila kidogo, dhamiri inamsuta. Akila sana, ana furaha ya mwizi. Akipiga mluzi, mbona anapiga mluzi? Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na nguo alizijua vizuri, maana ushonaji ndio uliomlisha maisha yote.

Mwishowe akamwita Baba Mdogo, kwani ndiye mkubwa aliyebaki.

"Baba, itazame hii. Anga lilikuwa buluu?"

Baba Mdogo aliinamisha kichwa upande huu, kisha upande ule. "Mwanangu, mimi huku huja kula. Ukuta sijawahi kuuangalia."

"Hiyo ni asubuhi, Dada," Kesho alisema. "Imekuwa asubuhi tangu zamani."

"Unamsikia? Ananifundisha picha niliyokuwa naipangusa vumbi yeye hajaota meno. Haya, wewe, mwambie Baba ni nani uliyempa ile yetu."

Kesho alimgeukia. "Mwizi gani anabaki kukuoshea vyombo na kukutilia dawa ya jicho?"

"Mwizi mwenye akili."

Baba Mdogo alikohoa. "Jamani, picha haina miguu, lakini maneno yanayo. Yakishatoka humu hatutayakamata."

Yalikuwa yameshatoka. Kesho alichukua mfuko wake wa spana na godoro, akaenda kulala kwenye kibanda chake cha baiskeli. Hakuubamiza mlango. Afadhali angeubamiza.

Asubuhi iliyofuata Dada Mkubwa alikaa kwenye cherehani amalizie gauni la bibi harusi alilolianza kabla ya hospitali. Uzi ulikatika. Akalamba ncha, akainua sindano, akafumba jicho la kushoto kama alivyofanya tangu ujana, ajaribu kutunga.

Gauni likageuka manjano.

Akafumbua. Jeupe. Akafumba. Manjano, rangi ya kitabu kizee. Jicho lililofanyiwa upasuaji ndilo alilokuwa akilifumba. Lililobaki wazi ni lile la zamani, bado na utando wake wa mtoto wa jicho. Akateremsha sindano taratibu. Pindo lote aliloshona kabla ya hospitali lilikuwa la uzi wa krimu. Aliuchagua mwenyewe, akaapa ni mweupe.

Akainuka, akasimama mbele ya picha. Jicho moja, jioni. Jicho jingine, asubuhi. Jioni haikuwa ya mchoraji. Ilikuwa imemwingia yeye polepole, mwaka hadi mwaka, hata asijue ilianza lini.

Angeweza kunyamaza. Angesema Baba Mdogo kamwombea Kesho msamaha, mambo yakapita, yeye akabaki na heshima yake ya ukubwa. Aliliwaza hilo njia nzima mpaka kibandani.

Kesho alikuwa amepindua baiskeli ya mtu, anakaza mnyororo. Hakuinua uso.

"Ni jicho langu," Dada Mkubwa alisema. "Picha ni ile ile. Nimekukosea, mdogo wangu."

Gurudumu lilizunguka likasimama.

"Na jicho lisingekwambia?"

"Ningeendelea kukudhania."

"Basi hapo ndipo panapouma, Dada. Si kwenye picha."

Akarudi kwenye mnyororo wake. Dada Mkubwa hakuondoka. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akiwa amevaa gauni lake zuri, mbele ya wateja waliokuja kuulizia baiskeli na kuambiwa kesho. Walimwamkia, akaitikia. Jua lilimfikia miguuni, kisha magotini. Kesho alipapasa chini huku na huku, akatazama ndani ya mfuko, akatazama nyuma yake, akashusha pumzi.

"Dada."

"Naam."

"Umekalia spana yangu."

Akasogea.