Madaktari Watano wa Jabez Trundle

Daktari alikuwa mmoja. Hilo nataka lijulikane mwanzo kabisa, maana wale wanne wengine niliwazaa mimi mwenyewe, kwa kalamu, juu ya meza ya jikoni, Jumapili moja baada ya ibada, huku mume wangu Jabez amesimama nyuma ya kiti ananihimiza niongeze.

"Weka sita," alisema.

"Horncastle nzima ina madaktari wawili, Jabez. Sita nitawatoa wapi?"

"Basi watano. Watano wanaaminika."

Nikaandika watano. Barua ilikuwa inakwenda kwa Daktari Quillerby wa London, mwenye Mchanganyiko wa Dhahabu, dawa ya chupa ya kahawia ambayo, ukiyaamini maandishi yake, ilitibu tumbo, ini, mapafu, baridi yabisi, huzuni na upara. Jabez alikuwa ameumwa tumbo kipupwe kizima. Daktari Sowerby, yule mmoja wa kweli, alimwambia aache nyama ya nguruwe ya chumvi na aache kuchovya mkate katika mafuta yake. Jabez alirudi nyumbani amenuna. Mtu hatoi pesa zake aende kwa daktari ili aambiwe asile. Akapita kwa Pocklington, muuza dawa wa mtaani kwetu, akanunua chupa.

Mwezi wa tatu nguruwe wetu tuliyemchinja Novemba akaisha pipani. Mwezi wa nne Jabez akapona. Mimi mwenye kupika niliona vizuri nini kilifuata nini, lakini nilinyamaza. Nguruwe aliyekwisha hapewi shukrani na mtu, ilhali chupa ilikuwa pale rafuni inang'aa.

Na aliyepona huandika barua. Ndiyo desturi yetu. Barua hizo zinachapwa katika kijitabu cha kalenda ambacho kampuni hugawa bure kila Krismasi, na mtaani kwetu hakuna nyumba isiyokining'iniza kwenye msumari, ama jikoni ama chooni. Kila mtu anazijua zinavyokwenda: kwanza mateso, halafu madaktari wanakata tamaa, halafu jirani mwema anataja chupa, halafu mgonjwa anatembea maili saba na kurudi. Barua isiyo na madaktari waliokata tamaa haichapwi. Kwa hiyo nilitia chumvi kidogo, kama kila mtu, na sikuona dhambi yoyote.

Krismasi kijitabu kikaja. Tulikuwa ukurasa wa nne, pamoja na picha. Chini ya picha pameandikwa "Bwana J. Trundle, Mshona Matandiko ya Farasi, Horncastle", na juu yake amekaa mzee mnene mwenye ndevu za kufika kifuani. Mume wangu hakuwa na unywele mmoja kidevuni tangu nimjue.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

Jabez alikitazama kijitabu muda mrefu sana. "Ni mimi," alisema.

Tangu siku hiyo wembe ukapumzika. Kufika Pasaka alikuwa na ndevu za kuchorwa, na tofauti kati yake na picha ilibaki unene tu. Hapo nilicheka, na nitasema wazi kwamba nilicheka sana. Mume wangu alikuwa mtu wa kukaa kiti cha nyuma kanisani, karibu na jiko la makaa, na katika miaka kumi na tisa ya ndoa sikuwahi kumsikia akiombwa neno. Sasa wazee wa kanisa walimwita mbele. "Ndugu Trundle, tupe ushuhuda wako!" Naye alisimama, akashika ndevu, akawahesabu madaktari mmoja mmoja kwa vidole. Yule wa tatu alimpa hata jina. Wageni walikuja karakanani kumtazama, wengine wakigusa mkono wake. Nilimwona anavyorefuka, na moyo wangu haukuniruhusu kumkatisha.

Tatizo ni kwamba Novemba tulikuwa tumechinja nguruwe mwingine.

Maumivu yalirudi taratibu. Jabez akaongeza kijiko, kikawa viwili, vikawa vitano. Juni nikamkuta nyuma ya banda anatapika vitu vyeusi kama machicha ya kahawa. Nikamshika mabega. Alikuwa mwepesi.

"Nakwenda kumwita Sowerby," nikasema.

"Ukimleta hapa, mama, umeniua." Alipangusa ndevu kwa kiganja. "Gari lake likisimama mlangoni mwetu, mji mzima utajua kabla farasi hajapoa. Kampuni imetangaza paundi mia kwa atakayethibitisha barua yoyote ni ya uongo. Watu watapigana hapo nje. Na kanisani nitasimama wapi?"

"Simama nyuma, kama zamani."

Nilijua nimemuumiza.

Nilikwenda mwenyewe kwa miguu. Daktari Sowerby alinifungulia mlango, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Bi. Trundle! Yule mwenye mume aliyekatiwa tamaa na madaktari watano?"

"Ndiye, daktari."

"Nimejiuliza mwaka huu wote. Mimi nilikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza, daktari. Na wa mwisho."

Nilidhani atanifukuza. Alicheka mpaka akatafuta kitambaa, kisha akavaa koti. Kesho yake asubuhi alikuja kwa miguu, amebeba tandiko bovu begani kama mteja, akaingia karakanani, nami nikafunga mlango. Alimlaza Jabez kwenye benchi la kukatia ngozi, akamminya tumbo kidogo kidogo. Mahali pamoja Jabez alipiga yowe.

"Tumbo lina kidonda," daktari akasema. "Na hiki unachokinywa kinakichokonoa kila siku. Shubiri na pombe kali, hakuna la zaidi."

Jabez akaketi wima. "Pombe? Mimi nimekula kiapo cha kutoonja pombe, mbele ya kanisa zima!"

"Basi umekivunja mara tano kwa siku, tena kwa kijiko. Sikiliza, bwana. Maziwa na mkate laini, miezi miwili. Ile chupa usiiguse. Ukinisikia utaishi. Kidonda kikitoboka, hakuna wa kukiziba, si mimi wala wenzangu wanne."

"Na watu nitawaambia nini?"

"Waambie unaumwa."

"Mimi?" Jabez alimtazama kwa huruma, kama vile daktari ndiye mgonjwa. "Mimi nimepona, daktari. Imechapwa."

Ubishi wa siku hiyo nauruka. Tulipofika ndipo hapa: angekunywa maziwa nyumbani, na mbele za watu angekunywa kutoka chupa yake ya kahawia kama kawaida, ila mimi ningeijaza chai baridi na molasi. Rangi ilikuwa ileile. Ladha, kwa kusema kweli, ilikuwa bora. Nilijiona mwerevu.

Na alianza kupona, safari hii kweli. Wiki ya kwanza alilala usiku kucha. Wiki ya tatu nilimsikia anaimba karakanani, wimbo wa kanisani, kwa sauti yake mbaya, nikakaa ngazini nikalia kwa furaha. Shingo ilianza kujaa. Nilimwomba anyoe, nione uso wake. Alisema atanyoa baada ya gulio.

Gulio letu la farasi la Agosti linakusanya watu kutoka kaunti zote, na kwa fundi wa matandiko hizo ndizo siku za mavuno. Lakini Jabez hakuwa karakanani. Pocklington alimwekea meza mbele ya duka la dawa, na kiti, na kijitabu kimefunguliwa ukurasa wa nne. Watu walijipanga. Jabez alisimulia, akamimina kijiko cha chai yangu, akanywa, akafumba macho. Pocklington akauza. Mimi nilisimama pembeni na kikapu cha mkate laini, nikihesabu saa.

Alasiri akaja mfanyabiashara mmoja wa farasi kutoka Yorkshire, mtu mpana mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Aliitazama picha, akamtazama Jabez.

"Ndevu nazikubali," alisema. "Lakini farasi wabovu wengi nimeuziwa kwa manyoya mazuri. Hiyo unayokunywa umetoka nayo kwenu, au siyo?"

"Ni Mchanganyiko wa Dhahabu," akasema Jabez.

"Unanukia chai." Watu wakacheka. Yule bwana akanunua chupa mpya kwa Pocklington, akaivunja lakiri mbele ya wote, akaiweka mezani. "Kunywa hii. Na usinipimie kijiko. Kama ilikuponya wewe uliyeshindikana kwa madaktari watano, nusu chupa haiwezi kukudhuru."

"Usinywe, Jabez," nikasema.

"Sikieni, mama anaibania!" mtu akapaza sauti, na kicheko kikawa kikubwa zaidi.

Wazee wa kanisa letu walikuwa pale, wote watatu. Jabez alinitazama mimi. Siwezi kusema hakuelewa. Alielewa vizuri kunishinda. Na mimi nilikuwa na maneno tayari mdomoni: barua ni ya uongo, nimeiandika mimi, daktari alikuwa mmoja. Maneno machache tu. Niliwaona wale wazee, nikaona kiti cha nyuma karibu na jiko, tumekaa wawili, watu wakigeuka kututazama. Nikaona haya. Nikasema tena, "Usinywe," na kwa sauti ndogo kuliko mara ya kwanza.

Akanywa. Hakuishia nusu. Alipoiweka chini ilikuwa tupu, na watu wakampigia makofi, na yule wa Yorkshire akavua kofia akanunua chupa sita.

Kidonda kilitoboka usiku uleule. Daktari Sowerby alikuja na gari lake, akalisimamisha mlangoni, na safari hii hakuna aliyejali. Jabez alikufa Jumapili wakati wa ibada. Neno lake la mwisho la maana aliniambia mimi: "Walipiga makofi, Keziah."

Kabla ya kumweka kwenye jeneza nilichemsha maji, nikanoa wembe, nikamnyoa. Ilinichukua muda. Chini ya zile ndevu alikuwepo mume wangu, amekonda, na kidevu chake chenye kishimo nilichokuwa nimekisahau. Nililia juu ya kidevu hicho kuliko nilivyolia juu ya maiti nzima.

Kisha nikakaa kwenye meza ileile ya jikoni, nikamwandikia Daktari Quillerby. Safari hii sikutia chumvi. Nilieleza yote: daktari mmoja, nguruwe, shubiri, pombe, gulio. Nilikuwa na hasira, na hasira iliponizidi nikaandika: "Furahi basi, bwana. Mume wangu hasikii tena maumivu yoyote ya tumbo, na hatayasikia milele. Kwa hilo dawa yako inastahili sifa zote." Nikadai waiondoe barua yetu ya kwanza.

Ni watu wasikivu. Krismasi barua ya kwanza haikuwamo. Mahali pake, ukurasa wa pili, tumepandishwa daraja, palikuwa na Bi. K. Trundle wa Horncastle, mwanamke mwenye videvu viwili na kofia ya manyoya ya mbuni ambayo sijawahi kuimiliki. Chini yake: "Mume wangu hasikii tena maumivu yoyote ya tumbo. Dawa yako inastahili sifa zote."

Nimewaandikia mara tatu tangu hapo. Wananijibu kwa adabu na kuniletea vijitabu.

Wageni nao wameongezeka. Jumanne iliyopita walibisha mume na mke kutoka Grimsby. Mume alikuwa na ule weupe wa Jabez, na mkono wake haukutoka tumboni. Mke aliuliza kama mimi ndimi, akanitazama kidevu kimoja kile nilichonacho, akakata tamaa kidogo.

"Ni kweli hasikii tena maumivu?" akauliza.

"Ni kweli. Mnataka kumwona? Si mbali."

Niliwapeleka makaburini. Mvua ilikuwa nyepesi. Nikawasimamisha mbele ya jiwe, nikawaacha walisome, jina na tarehe. Halafu nikawaambia kila kitu, kwa sauti kubwa, yale maneno yote niliyoyameza siku ya gulio: kwamba barua niliandika mimi, kwamba daktari alikuwa mmoja na alisema kweli, kwamba dawa, vijiko vitano kwa siku, ndiyo iliyotoboa tumbo la mume wangu. Nilimwambia yule bwana aende kwa Daktari Sowerby leo hii, nyumba yenye mlango wa kijani, anywe maziwa, aishi.

Alivua kofia. Maji yalimtiririka usoni, na mkewe alikuwa analia. Nilifikiri, angalau huyu mmoja nimemwokoa.

Kisha akaniinamia, kwa sauti ya chini ya mtu anayewaheshimu wafu.

"Samahani, mama. Vile vijiko vitano, alikuwa anakunywa kabla ya chakula au baada?"